Jumanne Milango Ikiwa Imefungwa: Jinsi MoMA Ilivyowapokea Wagonjwa wa Kusahau

Mwaka 2006 jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa la New York, ambalo wengi wanalijua kwa kifupi chake MoMA, lilianza kuwaalika mara moja kwa mwezi watu wenye Alzheimer na magonjwa mengine ya kusahau, pamoja na wanaowauguza, waje kutazama picha. Kipindi kikaitwa Meet Me at MoMA. Kilifanyika Jumanne, saa 8:30 mchana hadi saa 10:00 alasiri, bila kiingilio. Kwenye ratiba kinaonekana kitu chepesi: vikundi vidogo, picha nne au tano, saa moja na nusu. Anayejaribu kukiandaa mwenyewe ndiye anayegundua uzito wake, na karibu kila anayejikwaa hujikwaa mahali palepale, kwani huanza kwa kuuliza aongeze nini. Kipindi hiki kilisimama kwa sababu ya vitu vilivyoondolewa: umati, foleni, haraka, na maswali yanayomtaka mtu akumbuke.

Si mara ya kwanza kwa MoMA kuwafungulia mlango watu ambao makumbusho kwa kawaida haiwafikirii. Mwaka 1944, chini ya Victor D'Amico, mkuu wake wa elimu, ilifungua kituo cha sanaa kwa askari waliorudi kutoka vitani, kikafanya kazi hadi 1948. Kwa hiyo wazo la kupokea watu wenye majeraha yasiyoonekana lilikuwa na mizizi. Kilichokuwa kipya ni aina ya mgeni: mtu ambaye huenda kesho hatakumbuka kwamba alikuja.

Hapo ndipo wafadhili na wakurugenzi huuliza swali lao la kwanza: kama atasahau, faida iko wapi? Jibu lipo. Alzheimer hushambulia mapema hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotengeneza kumbukumbu mpya, lakini hisia haziendi na maji kwa kasi hiyohiyo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa waliwaonyesha wagonjwa wa Alzheimer vipande vya filamu, vya huzuni na vya furaha. Baada ya muda mfupi wengi walikuwa wameshasahau walichokitazama, ilhali huzuni au furaha yenyewe iliendelea kuwakaa. Anayerudi nyumbani ametulia amerudi na kitu cha kweli, hata kama hawezi kusema amekipata wapi.

Kwa nini siku ya kufungwa

Wakati kipindi kinaanza, MoMA ilikuwa ikifungwa kila Jumanne. Jengo lake lilikuwa limefunguliwa upya Novemba 2004 kwa ramani ya Yoshio Taniguchi, na katikati yake kuna ukumbi ulio wazi unaopanda takriban mita 33. Siku ya kawaida, ukumbi huo hurudisha mwangwi wa kila hatua na kila simu. Mbele ya picha ya Van Gogh ya usiku wenye nyota, iliyochorwa 1889 na yenye upana usiofika mita moja, watu husimama safu tatu nne wakiinua simu. Kijana mwenye afya hukereka kidogo, kisha husogea. Ubongo wenye ugonjwa wa kusahau umepoteza uwezo wa kuchuja: sauti ya mwongozaji, kilio cha mtoto, king'ora cha mlango na mazungumzo ya watu wa nyuma vyote huingia kwa nguvu sawa. Baada ya dakika chache mgeni huchoka, hukunja uso, na huanza kusema anataka kwenda nyumbani. Wasiojua hudhani hajapenda picha.

Jumanne picha ilikuwa palepale, na chumba kilikuwa kitupu. Hicho ndicho kitu cha thamani kuliko vyote ambacho makumbusho iliwapa wageni hawa, na hakikuhitaji kununuliwa, ila kuwaacha walinzi na mafundi wa taa kazini kwa saa mbili zaidi katika siku iliyokuwa ya mapumziko.

Saa nayo haikuwekwa kiholela. Wagonjwa wengi huanza kutaharuki jua linapoelekea kuzama, jambo linalojulikana sana kwa wauguzi. Asubuhi mapema nako kugumu, maana kumwogesha, kumvisha na kumlisha mtu mwenye ugonjwa huu kunaweza kula saa tatu. Saa 8:30 mchana inaacha nafasi ya chakula cha mchana, na saa 10:00 inamrudisha nyumbani kabla giza halijaanza kumtia wasiwasi. Wakati wa baridi New York giza huingia mapema, na kikao kilichochelewa kwa dakika 40 tu kinamtoa mgeni nje kukiwa tayari kunafifia.

Tangu Mei 2013 MoMA inafunguliwa siku zote saba, na makumbusho mengi makubwa yako hivyo. Wasio na siku ya kufungwa wana njia mbili: kuingiza wageni kabla ya saa ya kufungua, au kufunga sehemu ya ukumbi kwa kamba. Njia ya kwanza ndiyo ya kuchagua. Kamba huzuia miguu, haizuii sauti, tena huwageuza wazee kuwa maonyesho ya pembeni kwa wapita njia.

Kabla mgeni hajafika

Kujiandikisha kufanyike kwa simu, na mtu aliyeelekezwa ndiye apokee. Fomu ya intaneti inapata jina na idadi, haipati mengine. Kwa simu unauliza anapenda kuitwa nani, anatumia kiti cha magurudumu au mkongojo, anasikia sikio gani, lugha gani humtoka kwa urahisi siku hizi, na alikuwa akifanya kazi gani. Swali hilo la mwisho wengi huliacha, na ndilo linalolipa zaidi. Aliyekuwa fundi cherehani ataona mkunjo wa gauni kwenye picha kabla ya mwalimu wa sanaa. Aliyekuwa mwashi ataona paa lililopinda. Mwongozaji akijua hili mapema atajua amgeukie nani kikao kikinyamaza.

Siku moja kabla, mwongozaji apite njia nzima kwa miguu, tena apite polepole kama mtu wa miaka 82, na aketi mahali wageni watakapoketi. Kwanza ahakikishe picha ipo. Makumbusho huazima na kuazimisha, hubadilisha vyumba, hupeleka kazi kwa mafundi wa kuhifadhi, na taarifa haifiki kila mara kwa idara ya elimu. Kisha atazame chini. Sakafu inayong'aa huonekana kwa wageni hawa kama maji. Zulia jeusi kwenye sakafu nyeupe huonekana kama shimo, na mgeni atasimama ukingoni akatae kuvuka. Atazame pia kioo kinachokinga picha: akiwa ameketi, anaona picha au anaona taa na sura yake? Wapo wagonjwa wasiojitambua tena kwenye kioo, na sura ya mtu asiyemjua katikati ya mchoro inatisha.

Kazi za karatasi, yaani michoro ya penseli, picha za rangi ya maji na chapa, kwa kawaida huwekwa kwenye mwanga hafifu wa takriban laksi 50 ili zisififie. Macho ya mzee yanahitaji mwanga mwingi kuliko ya kijana, kwa hiyo kazi hizi, hata zikiwa nzuri namna gani, zinakaa nje ya kipindi. Vyumba vya video vyenye giza na sauti vinaepukwa kabisa, hata kupita mlangoni kwake. Lifti itumike badala ya ngazi za umeme, hata kama lifti iko mbali zaidi. Vyoo vihesabiwe: choo cha karibu kiwe ndani ya dakika mbili, na kiwe na nafasi ya watu wawili kuingia pamoja, maana mume hawezi kumsindikiza mkewe kwenye choo cha wanawake bila kizaazaa.

Hesabu ya muda ndiyo inayovunja vipindi vingi, na inavunjika kwa sababu kutembea hakuhesabiwi. Kwa dakika 90 gawanya hivi: 8 za kukaribisha na kutambulishana; picha 4 kwa dakika 15 kila moja, ambazo ni 60; safari 5 za dakika 3, yaani kutoka mapokezi hadi picha ya kwanza, tatu katikati, na moja ya kurudi, ambazo ni 15; na 7 za kuagana. Zimekwisha, na hakuna pa kuchomeka picha ya tano. Mwongozaji anayeona watu wamenogewa mbele ya picha ya pili aache ya tatu kabisa, asijaribu kuzikimbiza mbili za mwisho.

Vikundi viwe vidogo: wagonjwa wasiozidi 8, kila mmoja na mtu wake. Wakija wageni 40 pamoja na wasindikizaji 40, hivyo ni vikundi 5, waongozaji 5, wasaidizi 5 wa kutembea nyuma ya kila kikundi, na mtu mmoja anayebaki mapokezi muda wote kwa anayechelewa au anayetaka kuondoka mapema. Kila kikundi kianzie picha tofauti, la sivyo vitakutana mlangoni mwa lifti, na viti vitano vya magurudumu havigeuki kwenye ushoroba.

Kufika

Dakika kumi za kwanza huamua kikao. Mgeni ametoka kwenye teksi, ameingia jengo asilolijua, anavuliwa koti na mtu asiyemjua. Kwa hiyo asisimame kwenye foleni hata dakika moja. Msaidizi anakuja kwake, anajitambulisha kwa jina, anazungumza naye yeye kabla ya kuzungumza na msindikizaji, na anamvika beji yenye jina kwa herufi kubwa. Rangi ya beji inaonyesha kikundi, ili mlinzi yeyote akimwona mtu peke yake ajue ampeleke wapi. Mwongozaji naye avae beji, na jina lake alitaje tena kwenye kila picha, si mwanzoni tu.

Walinzi waelezwe mapema. Mlinzi asiyejua atamfokea mzee anayenyoosha kidole karibu na picha, na sauti hiyo moja inatosha kumfungia mgeni huyo mdomo mpaka mwisho. Afadhali viti vipangwe kwa umbali unaofanya mkono usifike: mita moja na nusu kutoka ukutani, nusu duara, kiti cha magurudumu kikiwa ndani ya safu na si nyuma yake. Stuli za kukunja ambazo makumbusho nyingi huwa nazo zinafaa kwa wasindikizaji. Kwa wagonjwa tafuta viti vyenye mgongo, na ikiwezekana vyenye mikono, kwa sababu mtu anayechoka huegemea nyuma bila kutazama.

Mbele ya picha

Chukua mfano wa picha ya Andrew Wyeth, Christina's World, iliyochorwa 1948 na kununuliwa na MoMA 1949 kwa dola 1,800. Ina upana wa takriban sentimita 121. Mwanamke aliyevaa gauni la waridi lililopauka ameketi chini kwenye uwanja wa nyasi kavu, ametupa mgongo, mwili wake umeelekea nyumba ya kijivu iliyo juu kabisa upande wa kulia. Mtu aliyekuwa na miaka 80 mwaka 2006 alikuwa na miaka 22 picha hii ilipochorwa. Mashamba ya aina hiyo, nyumba za mbao za aina hiyo, viatu vya aina hiyo, huenda aliviona kwa macho yake.

Mwongozaji haanzi na jina la mchoraji. Anaketi, anasubiri wote waketi, kisha anasema: "Tuitazame kwanza." Dakika moja nzima ya kimya. Waongozaji wapya kwenye kazi hii huiogopa dakika hiyo na kuijaza maneno, na hapo wamewanyang'anya wageni muda ambao ubongo unaofanya kazi polepole unauhitaji ili kuikusanya picha.

Swali la kwanza ni la kilicho mbele ya macho: "Tunaona nini hapa?" Jibu la kila mtu liko ukutani, hakuna wa kushindwa. Anasema nyasi, anasema nyumba, anasema mwanamke. Mwongozaji anarudia kila jibu kwa sauti inayofika mwisho wa safu, akimtaja aliyesema, kwa sababu wengi hawakusikia na kwa sababu kusikia neno lako likichukuliwa na wengine kunampa mtu nguvu ya kusema la pili. Ndipo anasogea kwenye undani: mikono yake ikoje? Nyasi za karibu na nyumba zina rangi sawa na za huku? Wageni wataona kwamba mikono ni myembamba mno, kwamba vidole vimejikunja, kwamba majani ya jirani na nyumba yamefyekwa na huku hayajaguswa.

Sasa tafsiri: anafanya nini hapo? Amepumzika, amechoka, anamsubiri mtu, amefukuzwa, anarudi nyumbani. Majibu yote yanapokelewa na kila moja linafuatwa na swali lilelile, "Nini kwenye picha kinakufanya useme hivyo?", linaloulizwa kwa udadisi na si kwa kuhoji. Mtu asipojibu ndani ya sekunde tano, hesabu kumi nyingine kimoyomoyo kabla ya kumhamia mwingine.

Habari za picha zinadondoshwa kidogo kidogo, baada ya watu kusema yao. Ndipo mwongozaji anaposema kwamba huyu ni Christina Olson, jirani wa mchoraji huko Cushing, jimbo la Maine, ambaye miguu yake haikuweza kumbeba na ambaye alichagua kujikokota kwa mikono kwenye uwanja wake kuliko kusukumwa. Sentensi mbili, basi. Kisha swali linarudi: sasa mnamwonaje? Mazungumzo hubadilika hapo, na mara nyingi huwa mazito. Wamo kwenye kikundi watu ambao miili na akili zao zinawakatalia kazi, na wameketi karibu na watu wanaowasaidia kila siku. Baadhi ya waongozaji huikwepa picha hii wakiogopa machozi. Hakuna haja ya kuikwepa. Watu wazima wana haki ya kuzungumza mambo ya watu wazima, na mwanamke huyu hakuchorwa kama wa kuhurumiwa. Tahadhari ni moja: isiwe picha ya kwanza wala ya mwisho. Iwe ya pili, watu wakiwa wameshazoeana, na ifuatwe na kazi yenye mchangamko.

Kazi hiyo inaweza kuwa Broadway Boogie Woogie ya Piet Mondrian, ya 1942 na 1943, mraba wa sentimita 127 wenye mistari ya njano iliyokatwakatwa na vipande vyekundu, vya bluu na vya kijivu. Mondrian alifika New York 1940, akapenda muziki wa boogie-woogie, akafa Februari 1944. Hapa mwongozaji anaweza kupiga muziki huo kwa dakika mbili, baada ya watu kuitazama picha na si wakati wanaitazama, kwani kusikiliza na kutazama kwa pamoja ni kazi mbili. Mtu ambaye hajasema neno tangu afike anaweza kuanza kugonga goti lake. Hilo nalo ni jibu, na mwongozaji alitaje: "Mkono wako umeushika mdundo."

Mbele ya picha ya tatu, dakika tano zinaachwa kwa mazungumzo ya wawili wawili, mgeni na aliyekuja naye, wakiwa na nakala ndogo ya picha mkononi. Swali liwe la maoni, kwa mfano: ungeitundika wapi nyumbani, na kwa nini? Swali la wapi *uliona* kitu kama hiki linavutia, ila ni mtego.

Kinachoharibika

Mtego mkubwa ni neno "unakumbuka". "Unakumbuka mwaka huo?" "Unakumbuka tulichosema kwenye picha iliyopita?" Anayeuliza ana nia njema. Anayeulizwa anasikia mtihani ambao ameshaufeli mara nyingi, hospitalini na mezani kwake. Uso hufunga. Kumbukumbu za zamani huja zenyewe picha ikizivuta, na zikija zipokelewe, zisichimbwe.

Wa pili ni kusahihisha. Mgeni akisema mwanamke wa Wyeth ni dada yake, hakuna faida yoyote ya kumwambia si yeye. "Dada yako alikuwaje?" inafungua mlango. Vivyo hivyo kwa anayesimulia kisa kimoja mara tatu: mara ya tatu mwongozaji achukue neno moja kutoka kwenye kisa hicho, aliunganishe na kitu kilicho kwenye picha, na kikundi kinasonga bila mtu kuaibika.

Wa tatu huwapata wasomi zaidi: mhadhara. Msimamizi wa maonyesho aliyealikwa kwa heshima anazungumza dakika tisa kuhusu historia ya kubizimu, mtindo wa kuchora vitu kama vipande vya maumbo, macho ya wageni yanahamia sakafuni, na hakuna anayejua jinsi ya kumkatiza. Asiyeweza kukaa kimya dakika moja asipewe kikundi, awe na cheo gani.

Halafu kuna mgeni anayesimama ghafla na kusema anataka kwenda nyumbani. Usimwambie kwamba bado picha mbili. Mara nyingi anataka choo, au amesikia baridi, au amechoka kuketi. Msaidizi wa nyuma atembee naye, taratibu, msindikizaji akibaki kitini ikiwa mgeni anakubali; baada ya dakika tano wengi hurudi wenyewe. Na anayetaka kweli kuondoka, aondoke, akiagwa kwa jina kama alivyopokelewa.

Kuharibika kwingine hutoka kwenye mafanikio. Kipindi kikisifiwa, orodha ya kusubiri hurefuka, na uongozi huomba vikundi vya watu 25. Usikubali. Ongeza siku ya pili katika mwezi kabla hujaongeza mtu wa tisa.

Aliyekuja naye

Binti anayemuuguza mama yake hufika akiwa kazini. Hujibu kwa niaba yake, hurekebisha kola yake, humnong'oneza jibu. Akiachwa hivyo, kikao kizima ni zamu nyingine ya uuguzi, tena mbele za watu. Mwongozaji ana zana moja rahisi: amuulize binti mwenyewe anaona nini, na maoni yake yapewe uzito uleule. Mara akitazama picha, anaacha kumtazama mama. Na mara nyingi hapo ndipo anapomsikia mama akisema jambo ambalo hakujua bado analo. Wasaidizi wa kulipwa kutoka vituo vya wazee nao waulizwe vivyo hivyo; wengi wao hawajawahi kuingizwa makumbusho kama wageni.

Mwaka 2007 taasisi ya MetLife Foundation iliipa MoMA fedha za kukipanua kipindi na kuwafundisha wengine, na idara iliyoongozwa na Francesca Rosenberg ikatoa mwongozo mwaka 2009 uliogawanywa kwa makumbusho, kwa vituo vya wazee, na kwa familia nyumbani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, Mary Mittelman na Cynthia Epstein, walikipima kipindi. Mojawapo ya vipimo vyao ilikuwa michoro ya nyuso, kutoka uso wenye huzuni hadi wenye tabasamu, ambayo mgeni alinyooshea kidole kabla na baada. Hali ya moyo ilikuwa bora baada ya kutazama picha, kwa wagonjwa na kwa waliokuja nao. Kipimo cha nyuso kina sifa moja kubwa: hakimtaki mtu akumbuke alijisikiaje, kinauliza anajisikiaje sasa. Anayeandaa kipindi kipya asitume dodoso nyumbani wiki moja baadaye. Achape nyuso tano kwenye kadi, aziulize mlangoni, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka.

Kikiletwa Nairobi au Dar es Salaam

Huku kwetu wagonjwa wengi wa kusahau wanauguzwa nyumbani na mabinti na wakwe, na majirani wengi bado hudhani ni uzee tu au ni kurogwa. Kipindi cha namna hii kingewatoa ndani watu wawili kwa mpigo. Picha zipo. Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ina picha za Joy Adamson za watu wa jamii mbalimbali za Kenya katika mavazi na mapambo yao. Mzee atatambua ushanga kabla hajasoma neno. Dar es Salaam, Kijiji cha Makumbusho kina nyumba zenyewe za makabila, na mtu anaweza kuketi kivulini mbele ya nyumba ya msonge na kuizungumzia kama picha. Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, haifai kwa kazi hii: mawe yameinuka na kushuka.

Mambo mawili lazima yabadilike. New York beji inaweza kuwa na jina la kwanza tu. Hapa kijana wa miaka 26 hawezi kumwita mzee "Joseph". Beji iandike Mzee, Mama fulani, Bibi, Mwalimu, vile familia ilivyosema kwenye simu, na kikao kianze kwa shikamoo iliyotolewa kwa kila mmoja, si kwa jumla. La pili ni lugha. Ugonjwa unavyoendelea, mara nyingi lugha iliyojifunzwa baadaye hutangulia kupotea na ile ya utotoni hubaki. Mzee aliyefanya kazi miaka 30 kwa Kiswahili na Kiingereza anaweza kujibu kwa Kikamba au Kihaya peke yake. Panga vikundi kwa lugha kabla ya kupanga kwa umri au kwa hatua ya ugonjwa, na msaidizi wa nyuma awe anayeijua lugha hiyo.

Saa nayo isiwe ya New York. Alasiri ina joto, foleni za magari na swala. Bora saa 3:00 hadi saa 4:30 asubuhi, ingawa maandalizi ya asubuhi ni magumu, kwa makubaliano na shule zinazoleta wanafunzi makumbusho kwamba siku hiyo mabasi yao yaanze kushusha watoto saa 5:00.